Je, Wajua? Kompyuta Inawaka, Skrini Nyeusi

Je, wajua kwamba kompyuta ya gemu inaweza kufikishwa kwa fundi, ikalala huko wiki nzima, kumbe haiumwi? Ligeuze kasha utazame mgongoni. Matundu ya picha yako mahali pawili. Yale ya juu, yaliyopangwa pamoja na ya USB, ni ya ubaomama. Yale ya chini, yaliyolala, ni ya kadi ya grafiki. Ukichomeka monita juu, kadi uliyoilipia pesa zote zile inakaa bure. Na kama una prosesa ya Intel ambayo namba yake inaishia na herufi F, mfano i5-9400F, tundu la juu halitatoa hata doa la mwanga, kwa sababu prosesa hiyo haina sehemu ya picha inayotumika.

Je, wajua kwamba bwawa la mto Tshopo, linaloipa Kisangani umeme tangu miaka ya 1950, halifikishi megawati 20 hata mashine zote zikizunguka? Gawa hizo kwa watu milioni moja, na jiji lina zaidi ya hao: kila mmoja hapati hata wati 20. Kompyuta ya gemu ikishughulika vizuri inakula 400. Ndiyo maana kwenye komuni kama Mangobo na Kabondo watu wameuzoea mgao. Lakini kinachoua mashine mara nyingi si umeme kukatika, ni jinsi unavyorudi: volti zinapanda na kushuka, friji za mtaa mzima zikianza kuvuta kwa pamoja. SNEL, shirika la umeme, ikikata, chomoa. Ikirudisha, subiri dakika tano ndipo uwashe. Stabilaiza inasaidia, ila haina mikono ya kuchomoa.

Je, wajua ile swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawa saplai za zamani? Ina maandishi mawili, 115 na 230. Kompyuta iliyotumika Marekani huja ikiwa kwenye 115. Ichomeke hivyo kwenye umeme wetu wa volti 220 utasikia mlio mmoja tu, kisha harufu. Mnunuzi wa mtumba aangalie swichi hiyo kabla ya kuuliza RAM ni ngapi.

Je, wajua kwa nini kasha la chuma la kompyuta linakuwasha vidole ukiligusa bila viatu? Hapa tukae kidogo, maana matundu mengi ya HDMI yanafia hapa. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita mbili ndogo zinazounganisha nyaya za umeme na kasha. Kazi yake ni kuchuja uchafu wa umeme na kuumwagia kwenye waya wa ardhi. Sasa prizi nyingi za nyumbani zina matundu mawili tu, waya wa ardhi haupo, au upo plagini lakini mtu ameupitisha kwenye adapta isiyokuwa nao. Uchafu hauna pa kwenda. Kasha linabaki likielea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani, yaani kama 110. Kwa pawa saplai nzima, mkondo wake ni mdogo mno, unatekenya tu. Lakini televisheni yako imeungwa na dekoda, dekoda na waya wa dishi, na dishi limefungwa kwenye bomba lililozama udongoni. Unaposukuma kichwa cha HDMI, zile volti zote zinaona njia ya kufika ardhini, na njia yenyewe inapita kwenye chipu iliyozoea volti 5 au chini yake. Cheche moja isiyoonekana, picha kwaheri. Fundi atasema kadi imekufa, na atakuwa amesema kweli, lakini hukuuziwa kadi mbovu.

Dawa haina gharama: chomoa kompyuta na televisheni ukutani, unga HDMI, kisha rudisha plagi. Dawa ya kudumu ni fundi umeme akufukie fimbo ya shaba na kuvuta waya hadi kwenye prizi. Katika hili mvua za Kisangani ni rafiki, kwa kuwa udongo wenye unyevu unapitisha umeme vizuri kuliko mkavu.

Je, wajua kwamba Kabare, Kivu Kusini, ni ya pili duniani kwa radi? Utafiti wa setilaiti uliotoka mwaka 2016 ulihesabu hapo miale kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Inayoitangulia ni Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake, 233. Kisangani iko mbali na Kabare, lakini ngurumo za huku tunazijua. Na radi haiingii kwa waya wa umeme tu. Inapita pia kwenye waya wa dishi, inapiga dekoda, inaishia kwenye tundu la HDMI. Anayechomoa plagi akaacha dishi amefunga mlango wa mbele tu.

Je, wajua kwamba VGA, ile ya pini 15 yenye skrubu mbili, ni ya mwaka 1987, na haibebi sauti? HDMI ya mwaka 2002 hubeba vyote kwa pini 19. DisplayPort ikafuata mwaka 2006. Vichwa vyake vingi vina vimeno, na asiyebonyeza kabla ya kuvuta huondoka na tundu zima.

Je, wajua kwamba waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili hautoi picha kamwe? HDMI hutuma tarakimu, VGA husubiri mawimbi. Lazima katikati kuwe na chipu ya kutafsiri. Sokoni waya wenye chipu na usio nayo zimelala meza moja, kwa hiyo dai ujaribiwe mbele yako.

Na ule waya wa HDMI wenye vichwa vya dhahabu? Usilipie ufahari. Tarakimu zikifika zimefika. Zisipofika skrini inakatika au inamwaga vidoa. Rangi haziongezeki kwa bei. Namba ya toleo ndiyo yenye maana, na hiyo ni kwa wenye skrini za 4K: HDMI 1.4 inaishia picha 30 kwa sekunde, 2.0 inafika 60, 2.1 inafika 120. Kwa monita ya 1080p, ambayo ndiyo ya wengi wetu, hata 1.4 inatosha hadi 120.

Je, wajua kwamba monita ya picha 144 kwa sekunde inaweza kukaa miaka ikifanya kazi kama ya 60? Kompyuta mara nyingi huanzia 60 mpaka uingie kwenye mipangilio ya skrini ubadilishe mwenyewe. Na anayecheza kwenye televisheni atafute hali ya gemu kwenye menyu: bila hiyo, televisheni huipamba picha kwanza, na golikipa wako anaruka mpira ukiwa umeshaingia.

Je, wajua kwamba televisheni za kale za Kongo zilifuata SECAM ya Wafaransa, huku Kenya na Tanzania zikifuata PAL? PlayStation ya PAL ikiungwa kwa waya wa njano kwenye televisheni ya SECAM pekee, gemu linaonekana, ila kwa rangi nyeusi na nyeupe. Mashine ni nzima.

Je, wajua kwamba kompyuta inayolia na kukataa kuwaka inaweza kupona kwa raba ya penseli? Zima, chomoa, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu, pangusa, rudisha mpaka vishikio vijifunge vyenyewe. Na ile inayosahau tarehe kila asubuhi, hadi tovuti zinakataa kufunguka, inataka betri tu: CR2032, duara, volti 3.