Kidonge Kimoja, Miili Miwili

Hivi karibuni walitujia akina mama wawili wa hapa Laela, mtu na wifi yake. Wote walikuwa wakimeza vidonge vya vitamini D vya aina moja, kimoja kila siku, kwa ajili ya mifupa. Yule mnene alilalamika kuwa kwake dawa haifanyi kazi, akataka kumeza vitatu. "Kwani mimi si mkubwa kuliko wifi?" alituuliza. Tulicheka naye, lakini swali lake lilikuwa la maana.

Vitamini D huyeyuka katika mafuta. Mwenye mafuta mengi mwilini, nyingi hutawanyika humo na damuni huonekana kidogo. Ni kama chumvi: kijiko kinachotosha sufuria ya maharage ya nyumbani hakikolei sufuria ya harusini. Katika uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 2023, watu 2,742 walipimwa damu tena baada ya miaka miwili. Waliopewa yuniti 2,000 kila siku walipanda wote, lakini wenye uzito mkubwa walipanda kidogo kuliko wembamba.

Hata jua, ambalo sisi Wafipa tunalo bure tukivua makoti ya baridi ya Juni na Julai, lina hesabu hiyohiyo. Uchunguzi mwingine wa Marekani, wa mwaka 2000, ulionyesha kuwa baada ya kuangaziwa mwanga sawa, vitamini D katika damu ya wanene iliongezeka kwa asilimia 57 pungufu kuliko ya wengine. Ngozi yao hutengeneza vizuri tu. Mafuta ndiyo yanayoishika.

Basi mama ameze vitatu? Tulimkatalia. Vitamini hii ikizidi haitoki upesi kwa mkojo. Hujilimbikiza, chokaa ikapanda katika damu, mtu akapata kiu, kutapika na kuharibika figo. Kuongeza dozi ni kazi ya daktari, tena baada ya kupima damu.

Halafu tulimwuliza panapouma. Akashika magoti. Magoti hubeba uzito wote wa mwili, na huenda hayana kesi na vitamini hata kidogo. Tulimpima kwenye mizani, tukamwandikia amwone daktari, naye akaahidi kurudi na kopo lake la vidonge tusome yuniti zilizoandikwa. Wifi yake aendelee na kimoja.