Nyuki wa Mtaani Usiwachome Moto

Mwaka jana jirani wawili wa Mji wa Kale waliniletea kijana aliyevimba uso hata macho hayaonekani. Walikuwa wamewasha tambara lililoloweshwa mafuta ya taa ili kuchoma bumba la nyuki lililotua chini ya roshani. Kijana alipona. Nyuki walionusurika walihamia nyumba ya tatu. Jirani hao wakaniuliza: "Daktari, wadudu hawa wana faida gani mjini?"

Jibu limo katika sinia yako. Boga lina maua ya kiume na ya kike mbalimbali, na unga wa ua la kiume usipofikishwa kwa la kike, kiboga huoza kikiwa kichanga. Mwenye kuufikisha ni nyuki. Tikitimaji na tango ni hivyo hivyo, na mwembe nao huhitaji nyuki na nzi. Kati ya kila aina 100 za mazao makuu ya chakula duniani, takriban 75 hutegemea viumbe hawa kwa kiasi fulani.

Mahindi hupeperushiwa unga wake na upepo, na mpunga hujitegemea. Basi bila nyuki tungeweza kushiba ugali na wali, lakini tungepungukiwa na matunda na mboga zenye vitamini A na C, zinazolinda macho na kuupa mwili nguvu ya kupigana na maradhi.

Wala si nyuki peke yao. Mibuyu ya Mama Ngina hufungua maua yake jioni, na popo wala matunda ndio wageni wake wakubwa. Mtoto anayetoka chuoni akimumunya mabuyu ana deni kwa popo.

Makazi yao

Nyuki huhitaji maua karibu mwaka mzima, na kisiwa chetu kimejaa mawe na saruji. Hazina iliyobaki ni mikoko ya Hori ya Tudor, hasa mchu, ambao maua yake madogo hupendwa sana na nyuki. Mikoko ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, lakini tangazo pekee halizuii panga. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 nazo zilileta tope lililoua mikoko mingi upande wa Mwache.

Vikundi vya wakazi wa Jomvu na Mikindani vimepanda miche na kutundika mizinga humo. Mwenye mzinga hakubali mti wake ukatwe, na mkata kuni naye huogopa kuumwa. Huko Gede, tangu mwaka 1993, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo chini ya mradi wa Kipepeo na kuuza vifukofuko vyake ng'ambo. Msitu ukawa na faida ukiwa umesimama.

Sisi wa mjini tufanye nini? Panda mrehani hata katika kopo, na uuache utoe maua. Usipulize dawa ya wadudu juu ya maua. Bumba likitua, jirani wakubaliane kuwatenga watoto na kumwita mrina asali. Mara nyingi huondoka lenyewe baada ya siku moja au mbili.

Ukiumwa

Ondoka hapo upesi. Mwiba ukikuingia hutoa harufu, mithili ya ndizi mbivu, inayowaita wenzake. Toa mwiba mara moja kwa njia yoyote, kwani sumu huendelea kuingia. Osha kwa sabuni, kisha weka barafu iliyofungwa kitambaani.

Kimbilia hospitali bila kungoja iwapo midomo au ulimi unavimba, pumzi inabana, mwili mzima unatoka vipele, au unasikia kizunguzungu. Hapo huhitajika sindano ya adrenalini, na dakika chache ni nyingi. Aliyeumwa na nyuki wengi naye apelekwe, hata akijiona mzima.

Tahadhari ya mwisho: asali, hata iwe safi namna gani, usimlambishe mtoto asiyetimiza mwaka mmoja. Huweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga hata ashindwe kunyonya na kupumua.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hawakusema mfuate na kibiriti.