Ni Ubongo Uliotenda, au Ni Sisi?

Twawasikia baadhi ya vijana wakisema ya kuwa elimu imekwisha thibitisha kwamba mwanadamu hana hiari: ubongo hukata shauri kwanza, naye hupata habari baadaye. Basi, wasema, alaumiwe kwa nini? Neno hili si dogo. Likiwa kweli, toba haina maana, wala baba hana haki ya kumkanya mwanawe.

Asili yake ni majaribio ya Benjamin Libet wa Marekani, yaliyotangazwa mwaka 1983. Aliwataka watu wakunje kifundo cha mkono wakati wowote wapendao, huku wakitazama saa na kukumbuka lini walihisi kutaka. Vyombo vilivyowekwa kichwani vilionyesha ubongo ukijitayarisha kiasi cha nusu sekunde kabla ya mkono kwenda. Na kutaka kwenyewe kulihisiwa baadaye, kama sehemu moja ya tano ya sekunde kabla ya tendo.

Lakini wasimuliao habari hii huiacha nusu yake. Libet mwenyewe alisema kuwa katika muda ule mchache uliobaki mtu aweza kulizuia tendo. Tena mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kuwa kule kujitayarisha huenda kukawa ni kupanda na kushuka kwa nguvu za ubongo tu, wala si shauri lililokatwa. Na kukunja mkono bila sababu si sawa na kukesha ukifikiri ulipe deni au ulikane.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha pambanua katika Ihya: kuna wazo lipitalo moyoni, kuna mwelekeo wa nafsi, kuna hukumu ya moyo, kisha azma. Mawili ya kwanza hayamo katika hiari yetu, wala hatushikwi kwayo. Azma ndiyo tutakayoulizwa.

Tazameni hasira. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha aliyekasirika hali amesimama aketi, na isipomtoka alale. Amri hiyo yamfaa awezaye kujizuia tu. Naye ajizoezaye kuketi leo, kesho huketi upesi zaidi. Ndivyo fikra ya jana inavyolitengeneza tendo la kesho.

Basi ewe baba uliyeinua mkono juu ya mtoto, nawe kijana uliyefungua kinywa kumtukana mamayo, wazo limekujia bila ya kuliita. Lakini mkono bado haujashuka, wala neno halijatoka. Hapo ndipo penye hesabu yetu.