Kabla ya kununua sima, pimeni kwanza chemchemi



Huku Bengamisa, karibu kilometa 50 kutoka Kisangani kwa njia ya Banalia, mvua si haba na vijito viko kila upande. Taabu ni maji safi, na foleni ya mabidoni asubuhi. Mama akisimama pale, shamba linamngoja. Kijiji kikitaka kutengeneza chemchemi, kisianze na sima. Kianze na hesabu.

1. Pimeni maji. Fanyeni hivyo mwezi wa pili, wakati mvua imepungua. Bidoni ya litri 20 ikijaa kwa dakika 1, chemchemi inatoa litri 1.200 kwa saa, ni kusema litri 28.800 usiku na mchana.

2. Hesabuni watu. Watu 600 wa leo wanaweza kufika 800 baada ya miaka 10. Kila mtu litri 20 kwa siku: jumla litri 16.000. Mtasema: maji yanatosha, hata yanabaki. Ngojeni kwanza.

3. Angalieni saa. Usiku watu hawachoti. Tuseme nusu inachotwa asubuhi ndani ya saa 3: litri 8.000. Chemchemi itatoa 3.600 tu, zinapunguka 4.400. Foleni na ugomvi vinatoka hapo. Kuongeza tiyo ya pili hakusaidii, maana maji ni yale yale. Inaomba tanki ya litri 5.000: ijae usiku, ijae tena mchana mbele ya saa za jioni.

4. Chagueni mahali. Maji hayapandi mlima yenyewe: tanki iwe chini ya chemchemi, robine chini ya tanki. Vyoo viwe mbali mita 30 au zaidi, upande wa chini. Muhogo nao uloweshwe chini, si juu. Juu ya chemchemi chimbeni mfereji wa kugeuza maji ya mvua.

5. Wekeni komite, na wamama wawe ndani, maana wao ndio wanaochota. Kila nyumba itoe kitu kidogo kila mwezi: robine itaharibika siku moja, hiyo ni hakika.

Mkimaliza, pelekeni hesabu yenu kwa fundi wa idara ya serikali ya maji ya vijijini, aikague. Ikionekana chemchemi haitoshi, tafuteni ya pili sasa, feza ya koperative ikiwa bado ndani ya kasha.