Wiki Mbili za Kwanza Nje ya Gereza

Mwaka 2007, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za mwanzo uraiani, uwezekano wao wa kufa ulikuwa karibu mara 13 ya ule wa wakazi wengine wa jimbo hilo. Dawa za kulevya ndizo zilizoua wengi zaidi, na kwa kipindi chote cha utafiti kujiua kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo. Mwaka mmoja kabla, jarida la Lancet lilikuwa limeonyesha jambo la aina hiyohiyo huko Uingereza na Wales: kati ya watu waliojiua ndani ya mwaka mmoja tangu waachiwe, mmoja katika kila watano alijiua kabla ya siku 28 kwisha. Mtu anaweza kusema hao walikuwa na maisha ya hatari tangu zamani. Lakini kama chanzo kingekuwa hulka yao tu, vifo vingetawanyika mwaka mzima. Vinaporundikana mwanzoni namna hii, vinatuambia kwamba kutoka gerezani kwenyewe ni tukio la kiafya, na linahitaji maandalizi ya kitabibu kama yale anayostahili mgonjwa anayeruhusiwa kutoka wodini.

Craig Haney, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, ametumia miongo kadhaa kuchunguza kile ambacho kifungo huifanyia akili. Gerezani mtu huamshwa, huhesabiwa, hulishwa na kufungiwa kwa saa iliyopangwa na mwingine. Akili timamu hujifunza kuishi humo: huficha hisia, humshuku kila anayesogea karibu, hulala usingizi wa mang'amung'amu, huacha kufanya uamuzi. Mazoea hayo ndiyo yaliyomlinda ndani, na hayabaki langoni siku anapoachiwa. Nyumbani huketi akiwa ameupa ukuta mgongo, hushtuka mlango ukibamizwa, pengine husimama mbele ya mlango usio na kufuli akingoja afunguliwe. Mkewe anaona amekuwa baridi. Fundi aliyempa kibarua anamwona mzito, kwa kuwa huuliza kabla ya kila hatua. Kila mmoja anamsoma vibaya, naye anajifungia zaidi, na hapo ndipo sonona hupata mwanya. Kwa aliyekuwa akitumia unga, hatari imo hata mwilini: baada ya miezi bila heroini, kipimo alichokizoea zamani hutosha kumkata pumzi.

Wapo wanaopinga wakisema gereza halikuwaharibu, bali wengi waliingia wakiwa tayari wagonjwa. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Uchambuzi wa watafiti Seena Fazel na John Danesh wa mwaka 2002, uliojumlisha tafiti 62 kutoka nchi 12, ulikuta takriban mfungwa mmoja katika kila saba ana saikosisi au sonona kali. Lakini hoja hiyo inazidi kudai matibabu. Kama mgonjwa alikuwa mikononi mwa serikali kwa miaka mitatu, serikali ndiyo iliyokuwa na nafasi nzuri kuliko zote ya kumtambua, kumwanzishia dawa na kumkabidhi kwa kliniki ya karibu na kwao. Anapotoka na nguo alizoingia nazo, bila barua ya rufaa, kilichopatikana ndani kinamwagika njiani. Tena inathibitika kwamba vifo hivi huzuilika. Mwaka 2011 Scotland ilianza kuwapa waliokuwa wanatoka gerezani naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidisha heroini. Kabla ya hapo, karibu asilimia 10 ya vifo vya dawa za jamii ya heroini viliwapata watu waliotoka kifungoni ndani ya wiki nne zilizotangulia. Katika miaka mitatu iliyofuata, sehemu hiyo ilishuka hadi asilimia 6.3.

Pingamizi zito zaidi kwetu Tanzania ni la uhaba: madaktari wa akili ni wachache, na mtu mwenye njaa atafanya nini na ushauri nasaha? Jibu bora ninalolijua limetoka Monrovia, Liberia. Mtafiti Chris Blattman na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu vijana wa kiume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi na vurugu. Hawakuchaguliwa kwa kuwa wametoka gerezani, lakini maisha yao yalifanana na ya wafungwa wengi walioachiwa. Wengine walipata wiki nane za tiba ya kubadili fikra na mienendo, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Baada ya miaka kumi, waliopata vyote viwili walikuwa wakitenda uhalifu kwa takriban nusu ya wale wasiopata chochote. Kwa waliopewa kimoja tu, mabadiliko hayakudumu hivyo. Na walioendesha vikundi hivyo hawakuwa madaktari; baadhi yao walikuwa wapiganaji wa zamani waliokwisha kupita njia ileile. Mfuko na akili vinatibiwa pamoja, na mhudumu anayeaminika anaweza kufundishwa.

Linabaki swali la haki: aliyeibiwa au aliyefiwa, yeye anatibiwa na nani? Anastahili kutibiwa, na kumtelekeza ni aibu. Ila hakimu alihukumu miaka. Hakuna hukumu iliyoandikwa kwamba mtu akishamaliza kifungo afe kwa kukosa dawa. Na wizi uliopungua Monrovia una maana kwamba kuna watu ambao hawakuibiwa. Wapo watakaosema muda wa maandalizi haupo: hapa Tanzania, tarehe 9 Desemba 2019, Rais John Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mkupuo. Msamaha wa namna hiyo huja ghafla, lakini wengi wa wafungwa hawatoki hivyo: sheria ya Tanzania humpunguzia theluthi ya adhabu mwenye mwenendo mzuri, kwa hiyo siku yake ya kutoka inajulikana gerezani mapema. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo unatosha kumpima, kumwandikia rufaa, kumfungia dawa za wiki mbili, na kumpigia simu ofisa ustawi wa jamii wa wilaya anakokwenda.