Kuwatambua Ndege wa Butembo na Beni kwa Umbo na kwa Sauti: Suala la Majina katika Kiswahili

Mwalimu wa Kiswahili akitoka darasani na wanafunzi wake na kuwauliza majina ya ndege walio uani, hukabiliwa na jambo la kushangaza. Wanafunzi wanawaona ndege hao kila siku, wanazijua sauti zao, pengine hata viota vyao. Lakini katika Kiswahili wote huishia kuitwa "ndege". Katika miji ya Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini, tatizo hili lina sura yake mahsusi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ila sehemu kubwa ya majina ya ndege yaliyomo katika kamusi zake ilitoka pwani. Msemaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinande huwa na jina la Kinande, naye anapofika kwenye Kiswahili hana mahali pa kulipeleka. Kamusi nayo mara nyingi hutosheka kumwambia kwamba neno fulani ni aina ya ndege, ikamtajia rangi moja au mbili, basi.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi baadhi ya ndege wa kawaida wa sehemu hizo wanavyoweza kutambuliwa, na papo hapo kuonyesha ni wapi majina ya Kiswahili yanatosha na ni wapi yanapwaya.

Ndege wa mjini

Ingawa umbali kati ya miji hii miwili ni kilomita 50 na ushei tu, mazingira yake hayafanani. Butembo iko juu ya milima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, katikati ya mashamba na mikalitusi. Beni iko chini zaidi, karibu na msitu mkubwa wa Ituri na bonde la mto Semliki, na upande wake wa mashariki umesimama mlima Ruwenzori. Kwa hiyo swali la kwanza la mtambuzi si "ndege huyu ana rangi gani?" bali "nimesimama wapi?"

Mjini kazi ni nyepesi. Mwewe anayezunguka juu ya soko hutambulikana kwa mkia wake wenye panda, ambao huupindua huku na huku kama usukani. Mdomo wake ni wa manjano, na mlio wake ni mluzi mwembamba unaotetemeka. Kunguru wa kawaida ana kifua cheupe na ukosi mweupe unaozunguka shingo yote. Katika milima ya mashariki, hata hivyo, yuko mwingine aliye mkubwa zaidi, mwenye weupe kwenye kisogo tu na mdomo mnene sana wenye ncha nyeupe. Kiswahili huwaita wote wawili kunguru, na katika mazungumzo hakuna hasara. Hasara hutokea pale mwanafunzi anapoandika katika daftari lake "kunguru mwenye shingo nyeupe", kwa kuwa maneno hayo yanawafaa wote wawili.

Juu ya mapaa ya mabati na kando ya mifereji hutembea ndege mdogo mweusi na mweupe asiyeacha kutikisa mkia. Wengine humwita tikisa. Ana mstari mweupe juu ya jicho na utepe mweusi kifuani. Ndugu yake wa vijito vya milimani ni wa kijivu mgongoni, mwembamba zaidi, mwenye mkia mrefu na utepe mwembamba. Atazamaye rangi peke yake atawachanganya. Atazamaye mahali, yaani paa au jiwe la mtoni, hatakosea mara nyingi. Shore naye hahitaji maelezo marefu: mwili wa kahawia, kichwa cheusi kidogo, na manjano chini ya mkia. Huanza kuimba kabla ya jua kuchomoza, sentensi fupifupi za haraka, kama mtu anayemjibu jirani yake ng'ambo ya ua.

Sikio na lugha

Hapa ndipo suala linapowahusu wanaisimu. Majina kadhaa ya ndege katika Kiswahili yaelekea kuwa ni tanakali sauti zilizogeuka nomino: kwarara, hondohondo, tipitipi. Njia hii haikuanzia Afrika wala haiishii hapa. Huko Amerika ya Kaskazini ndege aitwaye chickadee amepewa jina kwa mlio wake, hali kadhalika killdeer na bobwhite. Anayeanza kujifunza ndege wa huko hupewa jina na ufunguo wa sauti kwa mkupuo mmoja. Anayejifunza kwarara hupata faida hiyo hiyo. Ni ndege wa mabondeni, mkubwa, wa rangi ya majivu yenye kahawia na mng'ao wa kijani mbawani, mwenye mdomo mrefu uliopinda. Alfajiri na magharibi hupiga ukelele wa "ha-ha-ha" unaosikika mbali sana.

Mfano mgumu zaidi ni wa ndege wawili wanaohusishwa na mvua. Wa kwanza ni dudumizi, ambaye pia huitwa tipitipi: mzito, mwenye jicho jekundu na mbawa za rangi ya kutu, akipenda nyasi ndefu na vichaka. Sauti yake ni mfululizo wa noti nzito zinazoshuka na kuharakisha, mithili ya maji yanayomiminwa kutoka katika mtungi wenye shingo nyembamba. Wa pili ni kekeo mwenye kifua chekundu: kichwa na mgongo wa kijivu, kifua cha rangi ya matofali, tumbo lenye michirizi myeusi. Yeye hutoa noti tatu tu, kila moja chini ya iliyotangulia, na kuzirudia kwa saa nyingi msimu wa mvua unapokaribia. Ni vigumu kumwona, kwani hukaa juu mitini bila kusogea. Hajengi kiota, bali hutaga katika viota vya ndege wengine wadogo. Wasemaji wa Kiafrikana wa Afrika ya Kusini wamezifanya noti zake tatu kuwa maneno matatu: Piet-my-vrou.

Mwanafunzi akiandika sauti ya kekeo huyo kwa silabi za Kiswahili atapata silabi tatu sahihi na atakuwa ameupoteza ule mteremko, ambao ndio utambulisho wenyewe. Tahajia ya Kiswahili haina alama za toni kwa sababu lugha haizihitaji. Kinande ni lugha yenye toni. Msemaji wake amezoea tangu utotoni kusikia maana katika kupanda na kushuka kwa sauti. Kwa kazi hii, basi, mwanafunzi wa Butembo ana sikio lililo tayari kuliko mwenzake wa Dar es Salaam, na lingekuwa jambo la busara kuandika milio kwa alama za juu na chini ambazo wanaisimu hutumia kwa toni, badala ya kutegemea silabi tupu.

Kandokando ya msitu

Katika maeneo ya Beni sikio hutangulia jicho. Hondohondo wakubwa weusi na weupe husikika kwanza kwa mbawa zao, ambazo huvuma kama upepo, kisha kwa makelele mithili ya punda. Wako wa aina mbili zinazokaribiana, na anayetaka kuzitenganisha autazame mkia: mmoja ana manyoya meusi katikati na weupe pembeni, wa pili ana mkia mweupe uliokatwa na utepe mweusi. Ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi cheusi, mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu na sauti ya "kok-kok-kok", hana mfano. Wala Kiswahili cha kawaida hakina jina lake linalojulikana na wengi.

Kisa kimoja cha msitu huo chafaa kukumbukwa. James Chapin, Mmarekani aliyefanya utafiti kaskazini-mashariki mwa Kongo pamoja na Herbert Lang kuanzia mwaka 1909 hadi 1915, alipata mwaka 1913 unyoya mmoja wenye michirizi katika vazi la kichwa la mwenyeji wa Ituri. Hakuutambua. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, aliwaona ndege wawili waliokaushwa na kuandikwa kuwa ni tausi wachanga wa Kihindi. Walikuwa ndio wenye unyoya ule: tausi wa Kongo, asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote. Lebo ya jumba la makumbusho ilikuwa na makosa kwa muda wote huo, ilhali aliyeuvaa unyoya alikuwa akiishi katika msitu uleule wa ndege huyo.

Tangu Oktoba 2014 mauaji katika vijiji vya Beni yamewafukuza wakulima wengi kutoka mashambani na kandokando ya msitu. Wajuzi wa milio hii ni wao hao. Wengi sasa wanaishi mijini, na watoto wao wanakua wakimsikia mwewe na shore tu. Kuyaandika majina wanayoyajua, pamoja na maelezo ya sauti, ni kazi inayowezekana mjini hapo hapo, kwa kuwauliza.

Jina la kasuku linaonyesha kwa nini uangalifu unahitajika. Kiswahili humwita kasuku yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na humwita kasuku vilevile yule wa kijani. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Ripoti ya mpakani inayosema tu kwamba tundu lilikuwa na "kasuku" haimsaidii hakimu wala afisa wa hifadhi. Yafaa iandike rangi ya mwili, rangi ya mkia na rangi ya mdomo, ambao kwa huyu wa kijivu ni mweusi. Sauti yake isitegemewe, kwa maana kasuku aliyefugwa anaweza kuigiza kuku, mbwa na mwenye nyumba.