Kabla ya kumshitaki motari, tupime esanse



Wakati wa kuvuna mpunga tulikaa siku nne na koperative moja ya wakulima wa mpunga na karanga katika teritware ya Kabambare. Tulikuwa tumekwenda kwa ajili ya hesabu za ghala. Lakini tulipofika tulikuta watu wamekaa kwenye baraza, nyuso zimekunjamana, na hakuna aliyetaja ghala. Walikuwa wanamhukumu kijana wao, motari wa koperative. Neno lilikuwa moja: anauza esanse ya pikipiki.

Hesabu yao ilikuwa hivi. Kutoka kijijini mpaka Kabambare, kwenda na kurudi, ni kilometa 86. Mwaka uliopita, bidoni moja ya lita 20 ilikuwa inafanya safari nane. Sasa bidoni ileile inamalizika kwa safari tano. Njia ni ileile, pikipiki ni ileile ya 125, mizigo ni ileile. Basi esanse iko inakwenda wapi? Mzee mmoja alisema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akamtazama kijana. Kijana akajibu, "Mie sikuiba kitu. Motere ndiyo inakula mingi." Hakuna aliyemsikiliza. Walikuwa tayari kumnyang'anya ufunguo na kumdai alipe bidoni tatu.

Mama mtunza feza ndiye aliyeuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: "Nani kati yetu alipima?"

Kimya. Hakuna aliyepima. Tunaandika habari hii juu ya swali hilo, kwa sababu ugomvi wa namna hii tumeukuta katika koperative nyingi, na kila mara unaharibu kitu chenye bei kuliko esanse. Unaharibu kuaminiana.

Tulivyopima

Kesho yake asubuhi tulianza na bidoni yenyewe. Tuliikuta imejazwa kama kawaida kwa kadafi wa sokoni, tukaimwaga kidogokidogo kwa kipimo cha lita moja cha kweli. Zikatoka lita 18 na nusu. Ile "ishirini" haikuwa ishirini. Bidoni nyingi zimebonyea, na muuzaji anaishia chini ya shingo. Tena wale wanaonunua kwa chupa wajue: chupa kubwa ya bia haifiki lita moja.

Halafu tukapima pikipiki kwa njia ya kujaza mara mbili. Njia hii haidai mashine yoyote:

1. Simamisha pikipiki wima, mahali tambarare. Jaza tangi mpaka alama moja unayoiona vizuri, kwa mfano mdomo wa chini wa shingo ya tangi.
2. Andika kilometa za konteri. Kama konteri imekufa, na zetu nyingi zimekufa, tumia simu yenye setilaiti. Inapima njia hata pasipo rezo. Au tumia njia ambayo urefu wake mnaujua.
3. Fanya safari ya kawaida, na mzigo wa kawaida. Usiende polepole kwa kuwa unapimwa.
4. Rudi mahali palepale, jaza tena mpaka alama ileile kwa kipimo cha lita. Lita ulizoongeza ndizo zilizotumika.
5. Gawanya lita kwa kilometa, zidisha kwa 100. Hapo unapata lita kwa kila kilometa 100.

Kazi hii ifanywe mchana, mbali na moto na sigara.

Katibu wa komite alipanda nyuma, ufunguo wa tangi mfukoni mwake. Gunia moja likabaki nyumbani, maana katibu naye ni mzigo. Waliporudi jioni, tangi liliomba lita 3 na desilita 6. Ukigawanya kwa kilometa 86, ni karibu lita 4 na desilita 2 kwa kilometa 100.

Sasa angalieni. Safari tano ni kilometa 430. Kwa ulaji ule, zinahitaji lita 18. Bidoni ilikuwa na lita 18 na nusu. Ile nusu lita inayobaki inapotea kwa kumwagika na kwa mvuke. Hesabu imefunga. Kijana hakuiba hata chupa moja.

Lakini pikipiki ya 125 inayokwenda vizuri, yenye mzigo mdogo kwenye njia nzuri, inatumia karibu lita 2 mpaka 2 na nusu kwa kilometa 100. Kwenye potopoto yetu na magunia juu, lita 3 ni kitu cha kukubali. Lita 4 na zaidi ni ugonjwa. Tukaanza kutafuta ugonjwa.

Mwizi wa kweli

Tulianza na mkono, siyo na funguo za garaji. Pikipiki ilipofika tu, tulisogeza kiganja karibu na kiini cha gurudumu la nyuma. Kilikuwa kinachoma. Tukaweka pikipiki kwenye stendi yake, giya huru, tukazungusha gurudumu. Gurudumu jema linazunguka mara kadhaa peke yake. Lile lilisimama mara moja. Freni ilikuwa inashika wakati wote: potopoto ilikuwa imeingia ndani, viatu vya freni havirudi. Kijana alikuwa anasafiri kila siku huku amekanyaga freni bila kujua.

Tukafungua filtri ya hewa. Ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Motere isiyopata hewa inakunywa esanse nyingi kuliko inavyoweza kuchoma. Bujii ilithibitisha: ilikuwa nyeusi, kavu, kama sufuria ya jikoni. Mwisho tukabonyeza mpira wa nyuma, ulikuwa laini.

Makanika wa kijiji alisafisha freni na kulainisha mhimili wake kwa grisi kidogo, mbali na viatu. Filtri ilikuwa ya sponji, kwa hiyo aliifua kwa sabuni, akaikausha kivulini, akaipaka mafuta kidogo ya motere na kuikamua. (Filtri ya karatasi haifuliwi, inapigwapigwa taratibu, na ikichoka inabadilishwa.) Akaweka bujii mpya, akajaza upepo. Siku iliyofuata safari ileile, na katibu yuleyule nyuma, ilitumia lita 2 na desilita 6. Ni lita 3 kwa kilometa 100.

Lita moja kamili imeokolewa kwa kila safari. Koperative ile inafanya safari kumi na mbili kwa mwezi. Hesabuni wenyewe, kwa bei ya esanse ya kwenu.

Dalili na mahali pa kutazama

Tunaweka hapa yale ambayo mtu anaweza kuyaona bila garaji. Nakilini mbandike ndani ya ofisi.

- Bujii ya rangi ya kahawa au majivu: motere iko vizuri.
- Bujii nyeusi na kavu: esanse ni nyingi, hewa ni kidogo. Tazama filtri, halafu shoki isiyorudi, halafu karbiratere.
- Bujii nyeusi yenye mafuta, na moshi wa buluu: mafuta ya motere yanaungua ndani. Segimenti au vali zimechoka. Hapo itisha makanika.
- Bujii nyeupe: motere inapata joto kupita kiasi. Mara nyingi esanse haifiki ya kutosha au hewa inaingia pembeni.
- Motere inapiga kelele juu, lakini pikipiki haiendi: klachi inateleza. Kwanza tazama kama kamba yake imekazwa mno.
- Motere inakatakata baada ya kujaza esanse: fikiria maji. Maji ni mazito kuliko esanse, yanakaa chini. Weka esanse kidogo kwenye chupa inayoangaza, ngoja. Ukiona mstari chini, hayo ni maji. Fungua skrubu ya chini ya karbiratere, yatoke.
- Unashuku esanse imechanganywa na petroli ya taa: dondosha tone juu ya karatasi nyeupe. Esanse safi inakauka upesi. Ikibaki alama ya mafuta, usinunue.

Na gari ndogo je?

Jioni ya mwisho prezida alituuliza: "Kama tukiweka akiba ya mavuno mawili, si tununue gari ndogo inayokunywa kidogo? Ndugu zetu walio Dar es Salaam na Kampala wanasema kuna gari zinazotumia esanse na umeme pamoja."

Swali ni zuri. Gari hizo zipo. Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani mwaka 1997, na Aqua, iliyo ndogo zaidi, mwaka 2011. Nyingi zilizotumika tayari zinazunguka leo katika miji ya Afrika ya Mashariki. Ndani yake kuna motere ya esanse na motere ya umeme yenye betri kubwa. Dereva anapopunguza mwendo, nguvu ambayo gari ya kawaida inaipoteza kama joto la freni, sehemu yake inarudi kwenye betri. Kwa hiyo faida yake kubwa ni mjini, penye kusimama na kuondoka kila mara.

Njia ya kutoka Kabambare mpaka Kasongo, zaidi ya kilometa 100, haina taa za barabarani. Ina mashimo, madaraja ya miti na potopoto. Gari iliyo chini itagusa tumbo kabla ya kuokoa lita moja. Tena ile betri kubwa inapozwa kwa feni inayovuta hewa ndani ya gari, na vumbi letu linaziba njia ya hewa. Betri ikipata joto inazeeka upesi. Ikiharibika, makanika anahitaji kompyuta ya kusoma makosa yake. Kabla ya kununua, ulizeni: aliye karibu mwenye kompyuta hiyo yuko wapi?

Gari ndogo ya kawaida, yenye motere ya lita 1 mpaka 1.3, inatumia karibu lita 5 mpaka 7 kwa kilometa 100 kwenye lami. Kwenye udongo na mzigo, itapanda. Lakini msilinganishe gari na pikipiki kwa lita tu. Linganisheni kwa gunia. Tuseme pikipiki inatumia lita 3 ikibeba magunia mawili: ni lita moja na nusu kwa gunia. Tuseme gari inatumia lita 8 ikibeba matano: ni lita moja na desilita 6 kwa gunia. Karibu sawa! Halafu ongezeni bei ya mipira minne, piesi, na miezi ya mvua ambayo gari italala huku pikipiki inapita.

Wanaoamua kununua hata hivyo, wafanye haya kabla ya kutoa feza:

- Fikeni asubuhi, mguse boneti. Ikiwa na joto, muuzaji ameiwasha mapema. Labda anaficha kwamba haiwaki ikiwa baridi.
- Tazameni moshi. Wa buluu ni mafuta ya motere. Mweusi ni esanse iliyozidi. Mweupe usiokwisha hata motere ikipata joto, na maji ya radiata yanapungua: maji yanaingia kwenye motere.
- Fungueni kifuniko cha mafuta ya motere. Mkiona rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika na mafuta. Ondokeni.
- Pandeni nayo mlima, watu wamejaa, sindano ya joto ikitazamwa.
- Pimeni kwa kujaza mara mbili, kwa kilometa 50 hivi. Muuzaji akikataa, amekwisha kujibu.

Daftari moja

Tunarudi kwa kijana wetu. Mkutano ulikaa tena, na yule mzee wa methali alisimama wa kwanza kuomba radhi mbele ya wote. Lakini kijana naye aliulizwa: kwa nini hakusema mapema kwamba pikipiki imekuwa nzito? Alijibu kwamba aliogopa kuambiwa alipe piesi kwa mfuko wake, sawa na yule motari aliyemtangulia. Watu wakainamisha macho. Basi kosa halikuwa la mmoja. Mahali ambapo mwenye kusema ugonjwa wa mashine ndiye anayelipishwa, mashine itakufa kimya.

Wakakata mashauri mawili. Kwanza, kila safari inaweka kiasi kidogo katika mfuko wa piesi, na motari akieleza dalili halipishwi. Pili, daftari moja ya nguzo tano: tarehe, kilometa, lita zilizoongezwa, mzigo, na neno la motari. Kila mwisho wa mwezi mama mtunza feza anapiga hesabu ya lita kwa kilometa 100 mbele ya motari na katibu. Namba ikiruka juu, wanaanza kwa kuzungusha gurudumu na kufungua filtri. Maswali kwa mtu yanakuja baadaye, kama bado yapo.

Koperative nyingine za Kabambare na Kasongo, anzeni daftari yenu mwezi huu. Tutakapopita tena, tutaomba kuiona kabla ya chai.